Mutoto wa Ndani ya Tumbo Hana Beji

Mutaa wa Tujenge, Kolwezi

Kwa Tata Antoine Kabasele,
Mukubwa wa Mambo ya Wananchi katika Kampuni
(jina la Kampuni siliandiki, kwa kuwa mawakili wenu ni wengi na mi niko peke yangu)

Kuhusu: Ombi la kuruhusiwa kuzaliwa

Tata Mukubwa,

Nakusalimu wewe, mama wa nyumbani, na watoto wenu, ambao nasikia wanasoma Afrika ya Kusini, kule ambako shule zina milango ya kawaida.

Anayekuandikia ni mi, Mwamba Ariel, mwenye nyumba ya mulango wa kijani inayoegemea ukuta wenu. Unanijua. Mi njo yule aliyevaa koti jeupe siku ya kufungua maternite, nyumba ya kuzalia ya mutaa wetu, hata mugeni wako mumoja akauliza kama niko balozi. Siko balozi, lakini niko karibu. Nimefika Ndola, nimefika Dar es Salaam, nimefika Durban, nikiwa juu ya malori ya shaba yenu wenyewe. Nimeongea na maofisa wa mipaka wa kila rangi, na hakuna aliyenishinda kwa maneno. Shule niliacha darasa la tano kule Mutshatsha, si kwa ujinga, bali kwa kuwa mwalimu alikuwa amemaliza yote aliyoyajua. Nasema haya upate kuelewa kwamba barua hii haitoki kwa mutu ambaye hajaona mulango. Milango nimeiona mingi. Wa kwenu tu njo umenishinda.

Jambo lenyewe ni fupi. Muke wangu Falonne ana mimba ya mwezi wa tisa. Maternite mliyotujengea iko nyuma ya ukuta. Paa lake la bluu naliona nikiwa nanyoa ndevu uani. Hospitali nyingine ni ile ya mjini, na barabara ya kufika kule ni ya malori kwanza, ya watu baadaye. Mara iliyopita Falonne aliposhikwa na uchungu tulimupandisha pikipiki, mi nyuma nikimushika, tukakuta malori yamejipanga mpaka mwisho hauonekani. Mutoto alizaliwa kati ya lori na lori. Hakulia.

Wewe ulikuja kwenye matanga, Tata Kabasele. Ulilia kuliko shangazi zangu. Ukasimama mbele ya watu ukasema Kampuni itajenga maternite hapa hapa Tujenge, kando ya shule, ili jambo kama hili lisirudi. Na kweli mukajenga. Ukaja ukakata utepe mulangoni, tukapiga makofi, wageni wakaelekea kwenye kuku, na sisi tukaambiwa tungoje siku ya kuanza kazi. Siku hiyo haikufika. Kabla haijafika, mulijenga ukuta.

Sasa nalalamika kwa heshima, na kwa namba, ili wasomi wa ofisi yako wasipotee njiani.

1. Juu ya ukuta wenyewe. Simulaumu mutu. Shaba na kobalti zilitembea chini ya ardhi mpaka zikafika karibu na shule yetu, ikabidi mpaka wa mugodi uzifuate, na shule pamoja na maternite zikajikuta ndani bila kuomba. Karatasi ziko Kinshasa. Mi nani nibishane na karatasi? Kisha juu ya mulango mukaweka ubao mukubwa, kwa Kifaransa, kwa Kiingereza, kwa Kichina, na chini kabisa, kwa herufi za kubanana, kwa Kiswahili: HAPANA MUTOTO NDANI YA MUGODI. Niliusoma nikafurahi. Watu wa Ulaya hawataki kuongea kwenye simu yenye jasho la mutoto ndani yake, na mi pia sitaki. Kila mutu mwenye moyo angefurahi. Ila shule, Tata, ina tabia mbaya: inapenda watoto. Nimetembea sana duniani na nakuhakikishia kwamba ni ugonjwa wa shule zote. Hata maternite, ukiiacha bila kuichunga, huishia kuwa na watoto.

2. Juu ya masomo. Mwalimu Stanislas ni mutu mukubwa, ana mvi za kutosha, kwa hiyo anaingia. Kila asubuhi anapuliza kwenye mashine ya kupima pombe, anavaa kofia ngumu na jile, kizibao cha kung'aa, anafuata mustari wa kijani uliochorwa chini mpaka mulango wa darasa, kwa maana akiuacha mustari hatua moja tu wanamunyang'anya beji. Akifika anasimama mbele ya madawati matupu, anaita majina. Ana sauti ya kanisani, tunamusikia mutaa muzima. "Glodie!" Glodie ni binti yangu wa kwanza. Anasimama upande wetu wa ukuta na daftari kichwani, anajibu kwa nguvu zake zote: "Niko, mwalimu!" Lakini kanuni haimuruhusu mwalimu kumuhesabu mutoto aliyejibu kutoka nje, kwa hiyo anaandika kwamba hayupo, anaendelea na jina linalofuata. Mwisho wa mwaka, ripoti yenu ikasema shule ya Tujenge ina nidhamu isiyo na mufano: hakuna kelele, hakuna ugomvi, hakuna dawati lililovunjika. Nasikia mulipewa kombe. Pongezi nyingi.

3. Juu ya Glodie kuokolewa. Hapa nitakiri ujanja wangu, kwa kuwa ulikuwa ujanja mukubwa na sipendi upotee. Glodie ni murefu, amechukua upande wa mama yake. Nikamutafutia kofia ngumu, jile, beji ya kuazima, na bote, viatu vya mugodi, ambazo tulizijaza vitambaa mbele na nyuma. Daftari tukalificha chini ya jile. Asubuhi akajichanganya na wafanyakazi wa zamu, akapuliza mashine, mashine ikasema hajalewa, akapita. Akaingia darasani. Mwalimu Stanislas alipoita jina na kusikia "Niko" kutoka ndani, nasikia alikaa chini kwanza.

Bahati mbaya, ilikuwa siku ya wageni kutoka ng'ambo, wale wanaokuja kuhakikisha kwamba hakuna mutoto mugodini. Wakachungulia darasani, wakakuta mutoto mwenye kofia ya mugodi. Mama mumoja wa kwao akaanza kutoa machozi na kupiga picha kwa pamoja. Glodie akawaambia: "Mama, mi niko nasoma! Muniache!" Mufasiri wenu akageuza, akasema mutoto anashukuru. Wakamupakia kwenye gari lao, wakamuleta mpaka kwangu, wakanipa hotuba juu ya ubaya wa kumutumikisha mutoto, wakamupa kalamu, kofia nyeupe, na karatasi yenye muhuri inayosema ameokolewa.

Ameokolewa kutoka darasani, Tata. Na kwa kuwa ameokolewa, siku iliyofuata alienda mtoni na wenzake kuosha mawe ya wachimbaji, maji mpaka magotini. Mto uko nje ya ukuta. Nje ya ukuta hakuna ubao, na hakuna mutu wa kuja kuokoa. Kalamu bado anayo.

4. Juu ya tumbo la Falonne, ambalo njo sababu ya barua hii. Tulienda mulangoni, mi na yeye, amevaa kitambaa chake cha siku ya Mungu. Pale tulimukuta sentineli wenu, mulinzi wa mulango, Donatien. Donatien si mutu mubaya, ni mutoto wa mutaa huu, nilimufundisha mi mwenyewe kuendesha baiskeli na kuanguka bila kulia. Akatuambia kwa adabu kwamba kila anayeingia lazima awe na cheti cha muganga kinachosema ana afya njema. Nikauliza cheti hicho kinatolewa wapi. Akasema: "Ku maternite, Tata. Kule ndani." Nikauliza tutafikaje kule ndani. Akasema: "Na cheti."

Hilo ningelivumilia, kwa kuwa hata mupaka wa Kasumbalesa una mambo yake. Lakini Donatien aliendelea kulitazama tumbo. Akasema: "Tata Ariel, mi siko mubaya. Mama ni mutu mukubwa, cheti kikipatikana ataingia. Lakini ataingia mumoja, atatoka babili. Ule wa pili nitaandika nini? Siyamuona kuingia. Bataniuliza: mutoto huyu alipitia wapi?"

Falonne akamujibu mbele ya watu wote wa zamu: "Kwani weye, Donatien, ulipitia wapi?"

Watu walicheka mpaka kofia zikaanguka. Donatien akainama akasema taratibu: "Mama, usinitukane ku kazi." Alikuwa na haki, na tukamuomba radhi. Lakini nilipofika nyumbani nilifikiri, na kadiri nilivyofikiri ndivyo nilivyoona kwamba kanuni yenu ina akili kuliko mi. Mutoto haruhusiwi ndani. Aliye tumboni ni mutoto. Hana beji, hana bote, na hata mashine hawezi kuipuliza. Kama Falonne angepita, angekuwa ameingiza mutoto mugodini kwa siri, na kwa maficho ambayo hata mi mutu wa mipaka sikuwahi kuyafikiria. Simu tunaziacha mulangoni katika visanduku vyenu vidogo, tunazichukua tukitoka. Nilimuuliza Falonne kama kuna namna ya kuacha tumbo kwenye kisanduku. Jibu lake siliandiki, kwa kuwa barua hii itasomwa na watu wa heshima.

5. Juu ya upande wetu, kwa kuwa mi niko mutu wa haki na sitaki useme nalalamikia Kampuni peke yake. Vijana wachimbaji wa mutaa waliponihurumia, kiongozi wao Mechack akaja na wenzake, na chepeo za kuchimbia, na tochi za kichwani. "Tata," akasema, "usisumbuke na milango. Sisi tunajua njia ya chini." Unajua mwenyewe Kolwezi: wengine wakipata shida wanaandika barua, wengine wanachimba. Wakaanzia chini ya kitanda changu. Nikawaonyesha paa la bluu, nikawaambia moja kwa moja, pasipo kona, na muweke dari ya juu ya kutosha, mwanamuke mwenye mimba asiiname sana. Walifanya kazi kama watu wanaomuchimbia mama yao. Udongo ulijaa uani mpaka kuku wakahamia juu ya nyumba.

Kisha Mechack akatoka shimoni siku moja akiwa na jiwe jeusi mukononi, macho yanang'aa kuliko tochi. Akasema: "Tata, tulikuta kitu." Nikamuambia: "Mechack, maternite iko mbele." Akasema: "Najua, Tata. Lakini mushipa iko ku kushoto." Na wakakata kushoto. Nikawabembeleza, nikawalaani, nikawatajia Mungu. Wakasema watarudi kwenye njia mara tu mushipa wa madini ukiisha. Mushipa ukakata kushoto tena. Mwisho wakatokea katika jiko la mama mumoja shemasi aliyekuwa anasonga bukari, naye akaamini ni siku ya mwisho, akaungama mambo ambayo mutaa bado unayajadili. Kwa hiyo tafadhali musitushitaki kwa kuingia mugodini kwa njia ya chini. Hatukuingia. Hiyo njo shida yenyewe.

Sasa nakuja kwenye ombi. Ningeweza kuomba mambo makubwa, lakini mi naanza na madogo.

Naomba kwanza mutoboe mulango mudogo katika ukuta, wa kwenda shuleni na maternite peke yake. Kama mulango unaharibu sura ya ukuta, basi mutoto wangu aandikwe kama mugeni wa siku moja, kama wale wa kutoka ng'ambo; naye atakuja na machozi yake mwenyewe. Kama kitabu cha wageni hakina nafasi, basi naomba Kampuni, kwa uwezo ule ule ulioweza kuhamisha mpaka wa ardhi, itangaze kwamba watoto wote wa Tujenge wametimiza miaka kumi na munane. Haitaumiza mutu. Glodie atapewa kadi ya kura, na kura yake tayari anajua atamunyima nani. Mutoto wa Falonne atazaliwa akiwa mutu mukubwa, atapewa bote, atasaini mwenyewe kwamba alizaliwa. Ninachoomba tu ni kwamba asipangwe zamu ya usiku katika wiki yake ya kwanza, kwa kuwa atakuwa bado hajazoea.

Na kama hilo pia ni gumu, ninalo la mwisho, na hili ni bora kuliko yote. Itangazeni ile maternite kuwa shimo. Andikeni: shimo bovu, kuta zake zinaanguka, hewa hakuna, ni marufuku kabisa. Ifanyeni shule vilevile. Mi nimeishi Kolwezi miaka yote ambayo sikuwa safarini, na sijawahi kuona shimo ambalo mutoto wa masikini alizuiwa kuingia.

Nafikiri hapo tumeelewana kama wanaume wawili waliotembea. Sina uchungu na wewe. Niliona machozi yako siku ile, na mi njo niliyekupa kitambaa. Kitambaa chenyewe hukurudisha, lakini si wakati wake. Nataka tu muke wangu azae mahali ambapo kuna mutu anayejua kazi hiyo, na maji, na taa, na mutoto huyu apate nafasi ya kuja kunisumbua kwa miaka mingi.

Wasalimie wote walio chini yako na walio juu yako. Musalimie mufasiri, mwenye kipaji. Wasalimie mawakili, mumoja mumoja, wasione wivu. Umusalimie yule mama wa ng'ambo aliyelia, umuambie Glodie hajamukasirikia, anaomba tu akirudi amuletee hata kitabu kimoja cha hesabu. Huku kwetu Falonne anakusalimia, ingawa kwa sauti ya chini. Shemasi bado hasalimii mutu.

Wako aliye jirani kuliko wote, ukuta kwa ukuta,

Mwamba Ariel
Mutembezi, mufasiri wa lugha sita (mbili kati yao kwa kuimba tu)

Nakala kwa: Tata Meya; Mwalimu Stanislas, aibandike juu ya madawati; Donatien, mulangoni, aisome akiwa hana kazi.

Nyongeza. Barua hii usiifuate tena. Nilikuwa natafuta bahasha, Falonne akanishika mukono kwa namna ambayo haihitaji mufasiri. Mama Josée, mukunga wa mutaa wetu, akamugusa tumbo akasema: "Mjini hatutafika. Twende hapa karibu." Tukaenda mulangoni. Donatien alitutazama, akautazama ubao, akageuka kuangalia upande mwingine. "Mi siyaona kitu," akasema. "Mupite mbio." Naomba usimufukuze kazi, na kama tayari umemufukuza, ujue kuanzia leo anakula kwangu.

Tukakimbia, tukauacha mustari wa kijani, tukafika. Mulango una kufuli, na kufuli ina kutu. Nikavunja kioo cha dirisha kwa kiwiko, nikaingiza kichwa. Tata Kabasele, ndani hamuna kitanda. Hamuna bomba, hamuna waya wa taa, hamuna hata sakafu. Kuna udongo wa siku mlipomaliza kupaka rangi nje, na majani yameota mpaka kiunoni. Basi Falonne amezalia barazani, juu ya kitenge cha Mama Josée, mi nikishika kofia ya Donatien, aliyotukimbizia ikiwa imejaa maji. Ni musichana. Alipiga kelele mpaka zamu ya mashimo ya mbali ikasimama. Wote wawili wazima, wamelala hapa pembeni yangu ninapoandika.

Kwa hiyo naondoa malalamiko yangu yote, kuanzia namba moja. Mulango musitoboe. Niliuona ukuta wenu kuwa upumbavu, unisamehe. Sikuwa nimeona unachokificha. Kama ningekuwa mi njo niliyesimama kwenye matanga ya watu nikaahidi, halafu nikajenga nyumba kama ile, ningeizungushia ukuta vilevile. Na ningeupandisha zaidi, mpaka hata paa lenyewe lisionekane.